Niliuita Urafiki

Kokoto alinyanyua mkono mmoja, akauzungusha hewani polepole kama mtu anayefuta kioo, kisha akaurudisha chini. Mdogo wangu akaja mbio kuniita: "Dada, njoo uone, Kokoto ananisalimia!" Nikaenda, nikaona, nikafurahi naye. Tukampungia na sisi. Kwa miezi minne tulikuwa tukimpungia mkono mnyama aliyekuwa akimwambia mwenzake: nimekubali wewe ni mkubwa, usiniumize.

Nasimulia haya kwa ajili ya anayefuga mijusi wawili ndani ya kizimba kimoja na anaona mambo yanakwenda salama. Mimi pia niliona yanakwenda salama. Niliwatazama kila siku, asubuhi na jioni, kwa mapenzi kabisa. Kutazama nilitazama, ila nilichokiona nilikipa majina yasiyo yake.

Shaba na Kokoto ni pogona, mijusi wa nyanda kavu za ndani ya Australia. Chini ya kidevu wana miiba laini, na wakikasirika ngozi ile hutuna na kugeuka nyeusi tii mpaka unaona kama ndevu. Niliwachukua wakiwa na umri wa miezi 3 hivi, kila mmoja akiwa na gramu 40 na ushee. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba mmoja ni dume na mwingine jike, tena wametoka kwenye mayai ya mama mmoja na "wamezoeana". Neno hilo la kuzoeana ndilo lililonipumbaza. Kila mtu anajua kwamba fahali wawili hawakai zizi moja, lakini mimi nilijiambia sina fahali wawili, nina dume na jike, ndugu wa damu, waliokula pamoja tangu siku ya kwanza. Methali hainihusu.

Kizimba kilikuwa na urefu wa sentimita 120. Upande mmoja niliweka taa ya joto, na chini yake jiwe pana ambalo juu yake kipimajoto kilisoma nyuzi 40. Upande wa pili ulikuwa wa baridi, nyuzi 26 hivi. Taa ndefu ya UVB, yaani mionzi kama ile ya jua, nayo niliifunga upande ule ule wa jiwe. Kwa mjusi mmoja mpangilio huo ni mzuri sana. Anaota joto, likimtosha anasogea kivulini, akihitaji tena anarudi. Kosa lilikuwa moja tu, nalo sikuliona: jiwe la joto lilikuwa moja, na wanaolihitaji walikuwa wawili.

Asubuhi nikiwasha taa, Shaba alipanda jiweni kwanza. Baada ya muda Kokoto alifuata, na mara nyingi niliwakuta Shaba amelala juu ya mgongo wa Kokoto, kidevu chake kimeegemea kichwa cha mwenzake. Picha za namna hiyo ninazo nyingi. Niliwatumia ndugu na marafiki, wote wakasema jinsi wanavyopendana. Leo siwezi kuzitazama bila kifua kubana. Pogona hakumbatii. Anayelala juu anajitwalia joto na mionzi, na anamkandamiza wa chini ajue nafasi yake. Kokoto aliyekuwa chini alipata kivuli cha tumbo la Shaba.

Madhara ya hilo yanataka kuelezwa taratibu, kwa sababu hapo ndipo penye mzizi wa kisa chote, na mimi niliyaelewa nikiwa nimechelewa. Mjusi hana moto wake mwenyewe mwilini kama sisi. Akikosa joto chakula hakisagiki, kinakaa tumboni. Akikosa joto hata kinga ya mwili inalegea, kidonda kidogo kinakuwa kikubwa. Akikosa mionzi ya UVB, ngozi yake haitengenezi vitamini D3, na bila hiyo kalisi anayoila haiingii mwilini. Mifupa inaanza kulainika, taya na miguu vinapinda. Kwa hiyo anayemfukuza mwenzake kwenye jiwe amemnyang'anya tumbo, mifupa na kinga kwa mpigo mmoja. Hana haja ya kumng'ata.

Shaba alikuwa na tabia ya kutikisa kichwa juu na chini, haraka haraka, mwili mzima ukitetemeka kidogo. Kokoto alijibu kwa ule mkono. Wakati mwingine alijilaza chini kabisa, tumbo likigusa mchanga, mpaka Shaba aondoke. Nilipomwaga nyenje, Shaba aliwavamia upande wa mbele na Kokoto akabaki nyuma ya gogo akiwatazama. Nilisema Kokoto ni mpole, hana pupa, ana heshima zake. Naumia nikikumbuka sifa nilizompa kwa njaa yake.

Kilichonishtua ni mizani. Nilitakiwa kuwapa dawa ya minyoo, na dawa hiyo hupimwa kwa uzito wa mnyama, basi nikachukua mizani ndogo ya jikoni na kuwapima mmoja mmoja. Walikuwa wametimiza miezi 7. Shaba alikuwa na gramu 260. Kokoto alikuwa na gramu 165. Nikadhani nimekosea, nikamtoa, nikafuta mizani, nikamrudisha. Gramu 165. Niliposhika mkia wake pale unapoanzia, nilihisi mfupa. Kwa Shaba nilihisi nyama. Wanyama waliozaliwa pamoja, wanaokula kutoka mkono mmoja, mmoja amezidi mwenzake kwa karibu gramu 100, na mimi nilikuwa nikiwaona kila siku. Nadhani kuwaona kila siku ndiko kulikonificha. Kinachopungua kidogo kidogo mbele ya macho hakionekani.

Basi nikaanza kutengeneza, na hapa nilipoteza wiki tatu ambazo ningeweza kumwokolea Kokoto vidole vyake. Niliamini tatizo ni uchache wa vitu. Nikaongeza sahani ya pili ya majani. Nikaongeza taa ya pili ya joto na jiwe la pili upande wa baridi, jambo ambalo lenyewe lilikuwa baya kwa sababu sasa kizimba hakikuwa tena na mahali pa kupoa. Nikaweka magogo zaidi ya kujifichia. Siku mbili za mwanzo nilijipongeza: Kokoto alipanda jiwe lake, akajitandaza bapa kama karatasi. Siku ya tatu Shaba aligundua jiwe la pili. Akawa anakaa kwenye la kwanza dakika chache, anashuka, anavuka kizimba, anamfukuza Kokoto, anakaa kwenye la pili, anarudi. Alifanya hivyo mchana kutwa. Badala ya kugawana, alijipatia milki kubwa zaidi ya kulinda, na yeye mwenyewe akaanza kuchoka na kukonda.

Hapo nilimkumbuka mjusi kafiri wa ukutani. Wako wawili karibu na taa usiku, wanagombea wadudu. Mmoja anamkimbiza mwenzake, wanalia kidogo, aliyeshindwa anaponyokea nyuma ya fremu ya picha au anatoka kwa dirishani, basi, ugomvi umekwisha, hakuna aliyeumia sana. Ugomvi wa mijusi mwituni unaisha kwa mmoja kuondoka. Hiyo ndiyo dawa yake. Kizimba cha kioo kina kila kitu isipokuwa hiyo dawa. Kokoto alikuwa ameshasalimu amri mara mia, kwa mkono, kwa tumbo, kwa kukaa nyuma ya gogo, lakini kwa Shaba kila asubuhi alipoamka mpinzani alikuwa bado yuko nyumbani kwake.

Siku ya damu ilikuwa asubuhi kama nyingine. Nilikuwa chumba cha pili nikasikia sauti ya kucha zinakwaruza kioo, kwa kasi isiyo ya kawaida, halafu kishindo cha gogo. Nilipofika Shaba alikuwa amemng'ang'ania Kokoto kwenye mguu wa mbele wa kushoto, ndevu nyeusi kama mkaa, macho wazi. Kokoto alikuwa amefumba macho. Hakuwa anapigana. Hilo ndilo silisahau, jinsi alivyotulia.

Nilitaka kuwavuta kila mmoja upande wake, na nashukuru mkono ulisita. Ukivuta mjusi aliyekamata, unachana. Nilichukua taulo, nikamfunika Shaba kichwa na mwili mzima, nikamshika bila kumvuta. Giza lilimtuliza, baada ya muda aliachia mwenyewe. Nikamtoa akiwa ndani ya taulo, nikamweka kwenye sanduku. Jiwe lilikuwa na matone ya damu. Vidole viwili vya Kokoto vilikuwa vinaning'inia, na ncha ya mkia wake, ambayo sikuwa nimeikagua kwa siku kadhaa, ilikuwa nyeusi na kavu kama kijiti. Jeraha la mkia halikuwa la siku hiyo. Lilikuwa la zamani.

Nilimwosha kwa maji safi ya chumvi ya dukani, nikambonyeza kwa shashi mpaka damu ikakata, nikamlaza kwenye taulo za karatasi badala ya mchanga ili uchafu usiingie kidondani, nikamwekea joto, nikampeleka kwa daktari wa wanyama anayejua mijusi. Nasisitiza anayejua mijusi. Usaha wa mjusi hautiririki kama wa mbwa au wa mtu. Ni mgumu, mithili ya jibini, kwa hiyo jipu lake halipasuki likajisafisha, linakaa ndani na kula nyama mpaka mtu alifungue na kulikwangua. Asiyejua hilo anaweza kukupa dawa ya kupaka na kukuambia usubiri.

Daktari alimgeuza Kokoto taratibu, akainua mkia kidogo, akamulika kwa tochi kwenye shina lake. Akafanya hivyo hivyo kwa Shaba. Akaniita nione: vivimbe viwili, kimoja kila upande, na katikati bonde. Jike huwa na kivimbe kimoja cha katikati.

"Dada yangu," akasema, "hawa wote ni madume."

Nilimwambia nilivyohakikishiwa siku ya kuwachukua. Akasema kwa umri ule wa miezi 3 ni vigumu kuwa na uhakika, watu wengi wanaotamka jinsia mapema wanabahatisha. Kisha akaongeza jambo ambalo nalitilia uzito kuliko yote aliyonieleza siku ile: hata angekuwa jike, asingeniambia niwarudishe pamoja.

Sikumwelewa mara moja, ndiyo maana nalieleza. Wengi wakisikia kisa changu husema, basi nitaweka dume na jike. Dume wa pogona hampumzishi jike. Anamwandama, anamng'ata shingo na kumpanda siku nenda siku rudi. Jike hubeba mayai, na akishapandwa mara moja huweza kuhifadhi mbegu na kutaga tena baadaye bila dume. Kila utagaji unachota kalisi mifupani mwake. Jike aliyechoka mayai yanaweza kumkwama, na hapo ni upasuaji au kifo. Wengine husema basi majike wawili. Majike nao wanapangana vyeo, wanalaliana, wanang'atana, pengine kwa ukimya zaidi. Pogona mwituni anaishi peke yake. Hatafuti mwenzi wa kukaa naye. Upweke tunaomhurumia ni wetu sisi.

Vidole viwili vilikatwa. Mkia ulikatwa sentimita 3 juu ya pale weusi ulipoishia, kwa sababu uozo ule hupanda ukiachwa. Nilimuuliza daktari kama utaota tena. Kwa pogona hauoti. Rafiki yangu anafuga geko wa madoadoa, Eublepharis macularius, na kwake jike mmoja alimshambulia mwenzake mpaka akaangusha mkia mzima. Ule uliota, mfupi, mnene, laini kama kiazi, usio na mistari ya awali. Lakini geko yule huweka akiba yake ya mafuta mkiani, kwa hiyo alipouangusha alipoteza chakula cha majuma mengi kwa dakika moja, na rafiki yangu alihangaika miezi kumrudishia mwili. Kwamba mkia unaota tena si sababu ya kuuchukulia kirahisi.

Kizimba cha pili nilikiandaa usiku ule ule. Sikuwa nacho, na hilo nalo najilaumu: aliye na mijusi wawili anapaswa kuwa na vizimba viwili tangu siku ya kwanza, vyote vina taa, hata kimoja kikikaa tupu. Usiku wa damu si wakati wa kutafuta taa. Nilitumia sanduku kubwa la plastiki lenye matundu, taa na jiwe nilivyokuwa nimeongeza, kipimajoto na taulo za karatasi.

Asubuhi iliyofuata nilikaa sakafuni mbele ya sanduku lile. Kokoto alitoka polepole, mguu wenye bendeji ukiburuta kidogo. Alisimama chini ya jiwe. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akakaa hivyo labda dakika 10. Halafu akapanda. Akajilaza, akatanua mbavu mpaka mwili ukawa duara, rangi ikaanza kubadilika toka kijivu cha udongo kwenda njano ya mchanga, mdomo ukafunguka kidogo kama wanavyofanya joto likiwaenea. Alikaa pale saa tatu bila kushuka. Nilikuwa sijawahi kumwona na rangi ile. Nilikuwa nimeishi naye miezi minne sijui rangi yake.

Siku ya tano alikula nyenje 9 bila kuangalia nyuma. Baada ya wiki sita alikuwa na gramu 230.

Shaba ndiye aliyenishangaza. Nilitegemea atatulia akibaki peke yake na ufalme wake. Kwa zaidi ya wiki moja alisimama kwa miguu ya nyuma akikwaruza kioo, akipanda na kushuka, ndevu zikiingia na kutoka weusi. Nilikuwa nimeweka sanduku la Kokoto chumba hicho hicho, mita 2 mbali, na alikuwa anamwona. Kwa mjusi, mpinzani anayeonekana ni mpinzani aliyepo. Nikaweka kibao kati yao, kikubwa, kinachofunika upande mzima. Akapungua lakini hakuacha. Nikagundua jioni, taa ya chumba ikizimwa na ya kizimba ikibaki, kioo kinageuka kuwa kioo cha kujitazamia, na anapigana na sura yake mwenyewe. Nikabandika karatasi ya kahawia kwa nje pande tatu. Siku mbili baadaye alilala mchana kwa mara ya kwanza. Yeye pia alikuwa amechoka muda wote ule. Sikuwa nimemfikiria hivyo. Nilikuwa nimemkasirikia, na hakustahili. Alikuwa analinda mahali pake, na mahali pale nilimpangia mimi.

Watu huniuliza dalili. Sisubiri damu tena, na simwamini anayeniambia mijusi wake "hawajawahi kupigana". Namuuliza nani anapanda jiweni kwanza, na kama mwingine akiwa juu wa kwanza anamwachia. Namuuliza nani analala upande wa baridi wakati taa inawaka. Namwomba awapime kwa mizani, wote siku moja, aandike, arudie kila wiki. Aangalie ncha za mikia na kila kidole, ahesabu, kwa sababu kidole cha mjusi mdogo kinaweza kupotea usijue kimekwenda lini. Anayepunga mkono mara kwa mara, anayejibana kona moja, anayekaa na rangi ya giza mchana kutwa, huyo atolewe leo. Kutenganisha mijusi waliokuwa hawana ugomvi hakuna anayedhurika.

Na usiwarudishe. Kuna siku nilishawishika, Kokoto akiwa amepona na mzito karibu sawa na Shaba, nikasema labda sasa watalingana. Daktari alinijibu kwamba wanaolingana ndio wanaoumizana zaidi, maana hakuna anayekubali kuondoka.

Sasa ni mwaka na miezi. Kokoto ana gramu 390, mkia butu, vidole vitatu mguu wa kushoto mbele, na anapanda gogo lake bila shida. Mdogo wangu ndiye anayempima kila Jumapili na kuandika kwenye daftari.

Mwezi uliopita nilikuwa nafagia chumba nikaegemeza kile kibao ukutani, nikasahau. Niligeuka nikakuta Shaba amesimama wima kwenye kioo chake, ndevu nyeusi tayari. Ng'ambo ya pili Kokoto alikuwa jiweni, mwili mkubwa, rangi ya mchanga, mahali pake mwenyewe ambapo hakuna aliyemgusa kwa zaidi ya mwaka. Polepole akanyanyua mkono, ule wenye vidole vitatu, akauzungusha hewani.

Nikakirudisha kibao.